Udongo Wenye Dawa

Binti yangu aliponyamaza ndipo nilipoanza kumchunguza. Tangu utotoni tunamwita Chiriku, kwa sababu ukimwuliza saa anakupa habari za juma zima. Alikuwa amerudi kwangu kujifungua, mimba ya tatu baada ya mbili kutoka, mumewe amebaki mbali kwenye kibarua, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Badala yake akawa anakaa nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, midomo imefumbwa, shavu moja limetuna kama la mtu mwenye jino bovu. Nikimwita anaitikia puani.

"Una nini mdomoni?"

Akatikisa kichwa, akameza, ndipo akasema, "Mate tu, mama. Mimba hii ina mate."

Mate hayamezwi kwa shingo ndefu namna ile. Nikasogea kama mtu anayetaka kumtoa uzi kwenye kanga, nikamnusa.

Udongo una harufu yake na mimi naijua. Nilipokuwa na mimba yake yeye huyo, nilikula udongo wa shamba letu, wa tuta la juu, baada ya mvua za mwanzo. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka, ananiita fuko, lakini ndiye aliyekuwa akiniletea, umefungwa kwenye jani. Ulikuwa mweusi wenye wekundu kwa ndani. Ukiuminya unashikamana, ukiuachia unamomonyoka. Una vimizizi vyembamba kama nywele za mtoto, una ubaridi, na unanukia mvua. Mnyoo nikimkuta namweka pembeni aende zake, naendelea. Kwa hiyo sikushangaa kuona mwanangu anakula udongo. Nilichoshangaa ni harufu. Kinywa chake kilinuka stoo ya shemeji yangu, ile ambayo hata paka haingii.

"Fungua mkono."

Akafungua. Ndani ya leso mlikuwa na vipande vya kijivu, vigumu, vyenye kona kali kama vigae. Pembeni vimepakwa unga mweupe. Nikavunja kimoja. Hakikumomonyoka, kilikatika, tak, kama sabuni ya zamani. Hakuna mzizi, hakuna tundu, hakuna chochote kilichowahi kupita humo kikiwa hai.

"Umetoa wapi?"

"Shambani kwetu. Tuta la chini, karibu na pampu."

"Na hujui baba yako mdogo anamwaga nini pale?"

"Najua, ndiyo maana nikachukua pale." Sasa chiriku alirudi, maneno yakamtoka kwa mkupuo. "Nesi alinikataza udongo wa hapa nyumbani, eti una minyoo, itaninyonya damu. Nikaenda shambani, nikawa nauchambua. Baba mdogo akaniona, akaniambia, achana na huo, binti, huo una dawa. Nikauangalia, kweli, hauna mdudu hata wa kusingizia. Nikasema basi huu ndio wangu. Una dawa, mama. Minyoo imeshakufa humo."

Nilibaki nimeshika kile kipande. Neno moja tu. Mtoto akikohoa anapewa dawa. Panya akinuka chini ya kabati amekula dawa. Ndoo yenye picha ya fuvu ni dawa, na kidonge alichopewa mwanangu na nesi ni dawa, na sisi sote tunaona sawa, tunaelewana.

Nilimsukutua kwa maji mara nyingi mpaka akachoka, kisha akatapika mwenyewe. Sitaki kusimulia sana, lakini nilikifukia mimi kile kilichotoka, na nilikiona. Kilitoka uji wa kijivu, unang'aa juu kama maji ya gereji, na ulipodondoka chini haukunyonywa na ardhi. Ulikaa pale ukitetemeka. Nimeuguza mume, nimeosha maiti za ndugu, tumbo langu si la kitoto. Siku hiyo nilishika ukuta.

Tukaenda kituo cha afya. Nesi ni mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono ya moto. Akaweka kile kikombe chake cha kusikilizia juu ya tumbo, akainamisha sikio, akafumba macho. Mimi tasbihi ilikuwa mkononi lakini vidole vilikwama palepale.

"Moyo upo," akasema. "Unakimbia, lakini upo. Ulikuwa ukila kiasi gani?"

"Kidogo," Chiriku akajibu.

"Kidogo cha mtu anayeonja au kidogo cha mtu anayekula?"

Chiriku akaangalia sakafu.

Nesi akanigeukia. "Mama, siwezi kukudanganya. Inategemea kuna nini humo. Kuna vingine vinapita, kuna vingine vinakaa. Nenda kaulize wanapulizia nini, niletee hata chupa tupu. Yeye namlaza hapa mpaka kesho nimwangalie."

Nikaenda shambani nikiwa na viatu vya kutokea.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, watu wanamwita Msimu. Tangu kaka yake afariki yeye ndiye anayelima, kwa ridhaa yangu, na kila nikimwambia ardhi ipumzike hujibu, "Msimu mmoja tu, shemeji." Ukiisha huo, mwingine uko mlangoni umeshavua viatu. Kabichi juu ya nyanya, nyanya juu ya kabichi. Pampu inavuta maji kiangazi na masika, trekta linapita kabla mabua hayajakauka. Miaka yote hiyo ardhi ile haijapata hata usingizi wa kuku. Na kwa mbali usingejua. Ukipita barabarani unaona kijani, unasema mashaallah, unaendelea na safari.

Nilipoingia ndani ya matuta niliacha kusema mashaallah.

Kwanza ardhi ililia. Nakanyaga, inanijibu kama sakafu ya saruji. Katikati ya matuta maji ya pampu yalikuwa yamesimama, hayana mahali pa kwenda, yameota ngozi ya kijani juu, na chini ya ngozi mnatoka mapovu, moja, kisha kimya, kisha jingine, kama mtu anayekufa maji polepole. Mguu ukateleza, viatu vikaingia kwenye ule ute. Pembeni, palipokauka, pamefanya ukoko mweupe, na niliponusa kidole kilinuka mkojo wa zizi lisilofagiliwa. Nikang'oa kabichi moja ili nione mguu wake. Juu ilikuwa nzuri, jani zima. Chini, mizizi ilikuwa imevimba vinundu, kinundu juu ya kinundu, kama tangawizi iliyooza. Nikaminya kimoja kikatoa kitu cheupe, chembamba, cha kunata.

Nikajiuliza, Mungu anisamehe, kama tuliumbwa kwa udongo, basi wa namna hii ungesimamisha nani.

"Mama, usisimame upande huo, upepo unakuja kwako."

Alikuwa mpiga dawa wa shemeji, mtu mzima mwenye macho mekundu, wanamwita Bomba kwa sababu bomba la kupulizia halishuki mgongoni mwake. Alikuwa amejifunga kitambaa puani, kimelowa.

"Leo unapulizia nini?"

"Leo chakula cha kawaida tu. Ya minyoo ya mizizi na ya ukungu. Ya magugu nilimaliza juzi." Akacheka ndani ya kitambaa. "Zamani kifuniko kimoja kilitosha, sasa navitia mpaka bomba linapiga chafya. Wadudu nao wamesoma, mama. Tunabaki wajinga sisi."

"Na ardhi?"

"Ardhi imekuwa mlevi. Usipompa hasimami, ukimpa anaanguka. Mbolea ya chumvichumvi inamwagwa leo, kesho kutwa majani yanageuka manjano yanadai nyingine. Tazama." Akatua bomba, akachukua jembe lililokuwa karibu na pampu, akalipiga chini. Jembe likaingia kiasi cha kiganja kisha likaruka, mpini ukamgonga bega. "Umeona? Hapo ndipo plau linapofika kila mara. Chini ya hapo trekta limeshindilia mpaka pamekuwa dari. Maji hayashuki, mizizi haishuki. Yote tunayomwaga yanabaki hapa juu, yanajipika yenyewe."

Nikamwomba chupa tupu. Akaniokotea kadhaa kutoka kwenye lundo kando ya mfereji, akazifuta kwa suruali. "Za nini hizi?"

"Za nesi. Chiriku amekula udongo wa hapa."

Akaacha kufuta. "Nilimwona anaokota. Nikadhani ni wa kupandia maua."

Kisha nikamwuliza swali ambalo hata mimi sikujua nitaliuliza. "Wewe kabichi za hapa unakula?"

"Mimi?" Akaangalia barabarani kwanza. "Mama, mimi nina mchicha wangu kwenye karai bovu. Na mwenye kazi ana bustani yake nyuma ya nyumba, nani asiyejua? Ya samadi ya ng'ombe. Bomba hili halijawahi kuvuka geti lile, siku moja nililisahau mgongoni nikafukuzwa kama mwizi."

Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Kila mavuno Msimu alikuwa akinitumia kiroba cha kabichi, juu kabisa zile kubwa, na mimi nilikuwa nikizikata nyembamba, nazikaanga, namwombea kheri. Nilirudi barabarani nikiwa nasikia ladha ya miaka yote hiyo kwenye ulimi.

Nesi alizisoma zile chupa moja moja, midomo ikisogea. Mbili alizitenga mbali na nyingine. Alisema tusubiri, Chiriku asiuguse tena udongo ule, anywe maji na vidonge, alale kwa ubavu, na kitoto kikipunguza kucheza tusingoje asubuhi. Kesho yake akaturuhusu. Njia nzima Chiriku hakusema neno, na safari hii kinywa kilikuwa kitupu.

Msimu alikuja siku mbili baadaye, adhuhuri, nikiwa ndiyo kwanza nakunja mkeka wa sala. Trekta alikuwa ameliegesha barabarani. Ni mtu mcheshi, sauti yake inafika kabla yake.

"Hodi hapa kwa bibi harusi wa kaka! Nimesikia harufu ya chakula toka kona ile, shemeji, tumbo likaniambia kata kushoto."

"Karibu. Chakula kipo, nimekifunika."

Akaketi mezani. Nikamwekea sahani mbele, juu imefunikwa na nyingine, kama anavyowekewa mgeni wa heshima. Akafunua huku bado ananihadithia trekta lilivyomsumbua. Ndani mlikuwa na vile vipande vya kwenye leso, nimevipanga vizuri.

Hadithi ya trekta ikakatika. "Huu utani wa namna gani sasa?"

"Si utani. Ndicho alichokuwa akila mtoto wa kaka yako. Kula na wewe. Una dawa."

"Chiriku kala huu?" Rangi ilimbadilika, na hilo ninampa haki yake, alishtuka kweli. "Lakini nilimkataza! Nilimwambia kwa kinywa changu, achana nao, una dawa."

"Ulimwambia una dawa ukimaanisha nini?"

"Nikimaanisha asiuguse! Mtu mzima haelewi? Una dawa, maana yake si wa kuchezea, sembuse kuula."

"Basi ulijua."

"Nilijua nini?"

"Kwamba si wa kugusa. Ulijua kwa mtoto haufai hata mkononi, na kila mavuno unanitumia kilichoota humo nikitie tumboni."

"Shemeji, kabichi inaoshwa."

Nilimwangalia. Alikuwa ameisukuma sahani kwa kidole kimoja, kidogo tu, kama mtu asiyetaka kuigusa, na pua yake imejikunja bila yeye kujua. Nimemfahamu mtu huyu tangu anavaa kaptura za shule. Sikuwahi kumwona akiwa mbaya. Na nadhani ndicho kilichonichafua roho zaidi, kwamba alikuwa haoni ubaya wowote, aliona hasara tu na lawama.

"Bustani yako ya nyuma ya nyumba unaitia nini?" nikamwuliza.

Akakuna shingo. "Ile ni ya kujifurahisha tu."

"Unaitia nini?"

"Samadi," akasema, akiviambia viatu vyake.

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mkono chini ya tumbo. Sikujua amesikia kiasi gani. "Ungesema sumu, baba mdogo," akasema taratibu. "Ungesema sumu tu. Neno lipo."

Msimu akalitazama lile tumbo. Kisha akageukia kwangu, maana kwangu angalau angeweza kugomba. "Sawa, makosa yametokea. Nitamwaga chokaa, ile inatuliza uchachu. Nitapumzisha hata kona moja. Msimu mmoja tu huu, mbegu nimeshachukua, halafu tukae tuongee kama familia."

"Trekta lako halitaingia. Toa pampu, toa mabomba, na lile lundo la chupa kando ya mfereji, hilo uokote mwenyewe kwa mkono wako."

"Na utalima wewe? Kwa kitu gani? Ardhi ile bila dawa haioti hata nyasi, nakwambia ukweli."

"Basi isiote."

"Kaka angekuwa hai asingenifanyia hivi."

"Kaka yako alipokuwa hai alikuwa akiniletea udongo wa shamba lile kwenye jani, nile mbele yake. Wewe umeshindwa kuushika kwenye sahani."

Akasimama. Hakupiga kelele. Mlangoni alitema mate nje, mate ya mtu ambaye hajaonja kitu, akajifuta midomo kwa mkono wa shati, akaenda. Trekta likawaka, likageuza, likarudi lilikotoka.

Zile kabichi zilizokuwa jikoni nilizitoa. Nilitaka kuzipa mbuzi wa jirani, nikaona haya. Nilitaka kuzifukia, nikakosa pa kuzifukia ambapo moyo ungeridhika. Zikakaa kwenye kiroba nje ya ukuta mpaka zikalainika, zikavuja maji meusi, inzi wakajaa, na harufu ile nikawa naamka nayo kwenye sala ya alfajiri. Hatimaye walipita watu wa taka.

Mvua zilipokuja nilikwenda kutazama shamba. Watu walikuwa wameniambia litafufuka lenyewe, niliache tu. Labda. Nilichokiona ni maji yaliyosimama juu kama kwenye beseni la kufulia, rangi ya chai ya maziwa iliyoharibika, na yalipokauka yakaacha ngozi iliyopasukapasuka, kingo zimejikunja kwa juu. Palikuwa na magugu machache, ya aina moja, membamba, yenye majani ya kunata. Nikachimba kwa kijiti nikitafuta mnyoo. Sikumpata. Nikajipangusa mikono, na bado usiku ule nilikuwa naijua harufu yake kwenye kucha.

Chiriku alijifungua kabla ya wakati wake. Siku kadhaa kabla ya hapo mtoto alipunguza kucheza, hatukungoja asubuhi, kama tulivyoelezwa, na nesi yule yule akatupokea. Alizaliwa msichana, mdogo, ngozi inamlegea kama nguo ya kuazima, na kwa muda hakulia. Niliomba kwa maneno ambayo sikuwahi kuyapanga. Kisha akatoa sauti nyembamba, ya hasira, nesi akasema, "Haya, mapafu yapo. Mdomo umerithiwa kwa mama." Nilimwuliza kama ni ule udongo uliomfanya aje mapema. Akasema hajui, na daktari naye hajui, kwamba mimba mbili zilikwisha kutoka kabla, na pengine ingekuwa hivyo hivyo. Nimeipokea hiyo. Mimi nami sijui. Ninachojua ni kwamba Chiriku anamnyonyesha huku akimsimulia mambo ya mtaa mzima, na mtoto anaongezeka, polepole, lakini anaongezeka.

Walipokuwa wamerudi nyumbani Msimu akaja. Alikuwa amekodi shamba la watu wengine ng'ambo ya barabara, tayari limelimwa, tayari Bomba alikuwa ndani ya matuta yake. Alikuja moja kwa moja kutoka huko, na shuka jipya la mtoto limefungwa kwenye nailoni, uso umejaa furaha ya babu.

"Yuko wapi kipusa wangu? Nipeni nimbebe kabla hajajifunza kunikataa."

Alipofika karibu nikasikia ile harufu. Ilikuwa kwenye shati, kwenye nywele, kwenye mikono yote aliyokuwa ameinyoosha. Stoo ile ile. Chiriku naye aliisikia, nikamwona anamgeuza mtoto taratibu, uso upande wa ukuta.

Nikasimama katikati ya mlango. Nikalipokea shuka kwa ncha za vidole, nikaliweka nje kwenye kamba.

"Ahsante, shemeji," nikamwambia. "Mtoto utamwona kutoka hapo ulipo."